Elimu kwa Wananchi: Aliyekiri Kosa Mahakamani na Haki ya Rufaa

Wapo wanaokiri kosa mbele ya Hakimu wakitumaini kutozwa faini, kisha wakahukumiwa kifungo. Ndugu zao huuliza: je, kukiri huko kwaweza kufutwa?

Kabla ya adhabu kutolewa, mshtakiwa anaweza kuiomba Mahakama abadilishe jibu lake, na Hakimu ana mamlaka ya kumkubalia. Adhabu ikishatolewa, Hakimu huyo hana tena mamlaka hayo. Kwa shauri la Mahakama ya Wilaya, rufaa huenda Mahakama Kuu, na hapo wengi huchanganya mambo mawili.

La kwanza ni kosa katika adhabu. Sheria ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, humzuia aliyekiri kukata rufaa, isipokuwa kuhusu ukubwa au uhalali wa adhabu. Adhabu ikizidi kiwango cha sheria, hurekebishwa; hatia hubaki palepale. Uchungu wa kufungwa, hata uwe mkubwa kiasi gani, haufuti kukiri.

La pili ni kosa katika kukiri kwenyewe. Katika shauri la Laurence Mpinga dhidi ya Jamhuri (1983), Mahakama Kuu ilieleza kuwa hatia yaweza kupingwa endapo kukiri kulikuwa na utata au hakukukamilika, mshtakiwa alikiri kwa kutoelewa, shtaka halikuonesha kosa linalotambulika kisheria, au maelezo aliyoyakubali hayakutosha kumtia hatiani.

Tuchukue mfano wa mvuvi aliyeshtakiwa kupatikana na baruti, akajibu: “Ni kweli nilikuwemo chomboni, lakini sikujua kama mna baruti.” Huko si kukiri. Hakimu anapaswa kuandika kuwa amekana, na ushahidi usikilizwe. Tangu mwaka 1973, katika shauri la Adan, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilielekeza kuwa shtaka lisomwe kwa lugha anayoielewa mshtakiwa na jibu liandikwe, kadiri iwezekanavyo, kwa maneno yake mwenyewe.

Kusudio la rufaa hutolewa ndani ya siku 10, na rufaa ndani ya siku 45. Siku za kusubiri nakala ya mwenendo na hukumu hazihesabiwi. Aliye gerezani huwasilisha kupitia Mkuu wa Gereza. Kwa hukumu ya Mahakama ya Mwanzo, rufaa huenda Mahakama ya Wilaya ndani ya siku 30. Nakala ya mwenendo iombwe mapema, kwani ndimo yaliyomo maneno aliyoyatamka mshtakiwa.