Moteri inarukaruka: usiweke mkono!

Ndugu mfanyakazi, katika ateliye ziko mashini za kukata chuma zenye moteri za hatua. Moteri hii haizunguki kama ile ya pampu. Inakwenda hatua kwa hatua, mara nyingi hatua 200 kwa mzunguko mmoja. Ikisimama, usidhani imelala: umeme ungali ndani yake, nayo inashika mzigo.

Siku moja inaanza kutetemeka, kupoteza hatua, hata kurudi nyuma. Wengine wanaisukuma kwa mkono. Ghafula inaruka, na vidole vinabanwa. Wewe fanya hivi:

1. Tegemeza mzigo ulio juu. Umeme ukikatwa, moteri haishiki tena na mzigo unaweza kuanguka.

2. Kata umeme. Funga swichi kwa kufuli, ufunguo ukae mfukoni mwako.

3. Ngoja ipoe. Hata moteri nzima inaweza kufika digri 80, nayo inaunguza ngozi.

4. Angalia waya. Mmoja ukikatika au ukilegea, moteri inatetemeka bila kuzunguka vizuri. Usichomoe waya wa moteri kabla ya kukata umeme: kifaa kinachoiongoza kinaweza kuungua.

5. Zungusha kwa mkono. Ikiwa nzito, tafuta uchafu au ukosefu wa mafuta.

6. Hukuona kosa? Mwite fundi wa umeme. Labda mzigo umezidi, ao mashini inaanza kwa mbio sana.

Sisi wa dispensari tunafunga vidonda, lakini kidole kipya hatuna. Moteri inanunuliwa; kidole hakinunuliwi. Nyumbani wanakungoja na mikono yote miwili.