Simu Mpya Imetoka: Piga Hesabu Kabla Hujasaini Miezi 36

Ikikaribia Septemba, maswali tunayopata hubadilika. Miezi mingine watu hutuuliza ada ya kutuma pesa, karo ya Januari, au kiwanja walichoonyeshwa kwa picha. Septemba ni swali moja tu: "Simu mpya imetoka, na kampuni yangu wanasema watanipa bure. Nichukue?"

Jibu letu fupi: si wiki ya kwanza, na si kwa mkataba ule. Jibu refu linahitaji hesabu kidogo, kwa hiyo chukua kalamu.

Tuanze na bei yenyewe. iPhone 17 Pro ilipoingia madukani Septemba 19, 2025, bei yake hapa Marekani ilianzia dola 1,099. Hiyo ni bei ya tangazo. Ukiinunua Minneapolis, kodi ya mauzo ni asilimia 9.025, yaani unaongeza dola 99 na senti 18. Ukivuka mto Mississippi ukainunua Saint Paul, kodi ni asilimia 9.875 tangu Aprili 2024, yaani dola 108 na senti 53. Sisi wa Minnesota tumezoea kununua nguo bila kodi, tunalipa kilichoandikwa kwenye lebo basi, ndiyo maana kodi ya simu hutushtua tukiwa tayari tumesimama mbele ya mhudumu.

Sasa igeuze iwe kazi. Kima cha chini cha mshahara Minneapolis mwaka 2025 kilikuwa dola 15.97 kwa saa. Simu hiyo pamoja na kodi ni saa 75, na hapo hujakatwa kodi ya mshahara. Kwa dada anayehudumia wazee kwa zamu za saa 12, ni zaidi ya zamu sita. Hatusemi ni vibaya kufanya kazi zamu sita kwa ajili ya simu. Tunasema ujue ni sita.

Hiyo "bure" inalipwa wapi

Wachache wetu hulipa dola 1,099 taslimu. Tunachofanya ni kuingia dukani kwa kampuni ya simu, kwenye matangazo makubwa yanayosema simu ni dola sifuri. Mara nyingi ofa hiyo inakwenda hivi: bei yote inagawanywa kwa miezi 36, inakuwa dola 30 na senti 53 kila mwezi. Halafu kila mwezi kampuni inakurudishia kiasi hichohicho kama punguzo kwenye bili. Ukitazama bili, simu imeandikwa, punguzo limeandikwa, jumla ni sifuri. Kweli kabisa, hakuna uongo hapo.

Lakini soma maandishi madogo. Kwanza, kodi kwa kawaida hutozwa juu ya bei kamili siku unayochukua simu, hata kama simu ni "bure". Kwa hiyo unatoka Minneapolis umelipa dola 99 kwa kitu cha sifuri. Pili, punguzo mara nyingi hutaka uwe kwenye kifurushi cha bei ya juu. Tuchukue mfano. Leo unalipa dola 40 kwa mwezi kwa laini ya kulipia kabla, na unaambiwa uhamie kifurushi cha dola 85. Tofauti ni dola 45. Zidisha kwa 36: dola 1,620. Weka na kodi, ni dola 1,719. Simu ya bure imekugharimu kuliko ile ya kununua kwa pesa yako mwenyewe. Namba za kifurushi chako zitakuwa nyingine, lakini njia ya kupiga hesabu ni hiyohiyo: tofauti ya kifurushi mara 36, jumlisha kodi, halafu linganisha.

Tatu, na hapa ndipo watu wetu huumia. Ukiondoka kabla ya miezi 36, punguzo linakatika na deni lililobaki linadaiwa. Ukiondoka baada ya miezi 14, zimebaki 22, na deni ni karibu dola 672. Sisi ni watu wa kuhama. Leo uko Brooklyn Park, mwakani ndugu anakuita Texas kwenye kazi ya ujenzi, au mama anaugua unarudi nyumbani miezi sita. Miaka mitatu ni mirefu sana kwa maisha yetu.

Tulimsaidia mwenzetu mmoja hesabu zake za kodi ya mapato, akatoa bili ya simu akaiweka juu ya meza kana kwamba ni barua ya hospitali. Alikuwa amefungua akaunti moja ya laini tano kwa jina lake, kwa sababu yeye ndiye aliyekuwa na historia nzuri ya mikopo pale nyumbani. Wanne waliokuwa wakiishi naye walichukua simu mpya wiki ileile zilipotoka, kila mmoja akiahidi kumpa sehemu yake kila tarehe 1. Wawili wakahama jimbo. Hawakumtoroka kwa ubaya, walibadilisha laini tu wakidhani wamemaliza. Punguzo la simu zao likakatika, na deni la simu zote mbili likaja kwenye bili moja yenye jina lake. Miezi mitatu hakutuma kitu kwao. Mdogo wake alikuwa kidato cha tatu na alirudishwa nyumbani kwa ajili ya karo. Kampuni ilifuata mkataba aliosaini, hatuna la kuilaumu. Yeye mwenyewe alisema, "Mimi nilisaini simu tano, nilidhani nimesaini moja."

Kwa hiyo kama ni kusaini, saini yako peke yako. Mwenzako akikosa historia ya mikopo, anaweza kununua simu iliyofunguliwa na kutumia laini ya kulipia kabla. Haitaji jina lako.

Wiki za kwanza wewe ndiye mjaribu

Watu hudhani simu iliyotoka jana ndiyo iliyo bora kuliko zote. Mara nyingi ndiyo iliyojaribiwa na watu wachache kuliko zote. Kasoro nyingine hazionekani mpaka simu iwe mikononi mwa mamilioni.

Kasoro nyepesi ni za programu. iPhone 15 Pro ilitoka Septemba 22, 2023, na baada ya siku chache watu wakalalamika kwamba inapata joto kali. Apple ilisema sababu mojawapo ni hitilafu kwenye iOS 17, pamoja na baadhi ya programu kama Instagram na Uber, na tarehe 4 Oktoba ikatoa sasisho la kurekebisha. Siku 12 tu. Aliyesubiri wiki tatu hakujua hata kama kulikuwa na tatizo.

Kasoro nzito ni kama ile ya Samsung Galaxy Note 7, na hii ilifika hapa kwetu. Ilitoka Agosti 19, 2016, na betri zake zikaanza kushika moto. Septemba 15 tume ya Marekani ya usalama wa bidhaa ikatangaza rasmi zirudishwe, karibu milioni moja. Wateja wakapewa nyingine badala yake, wakaambiwa hizi ziko salama. Mwezi wa Oktoba, Farmington, mji ulio kusini mwa Minneapolis, simu moja ya zile zilizoletwa badala ikayeyuka mkononi mwa msichana wa miaka 13. Aliungua kidogo tu, Mungu mkubwa. Tarehe 11 Oktoba Samsung ikaacha kabisa kuitengeneza. Tarehe 15 Marekani ikapiga marufuku simu hiyo kwenye ndege, iwe mfukoni, iwe kwenye mzigo, na iwe ndege ya kuja, ya kwenda au ya ndani ya nchi. Januari 2017 Samsung ilieleza kwamba makosa yalikuwa kwenye betri za watengenezaji wawili tofauti, kila moja na kosa lake.

Tunaikumbusha hadithi hiyo kwa sababu moja. Tuseme ulikuwa umeinunua mwezi wa Agosti ukampelekea mama Kisii au Tanga na mtu aliyekuwa anasafiri. Pesa yako ilikuwa inarudishwa huku, na simu iko kule, na hakuna ndege ya kuileta. Aliyeinunua na kukaa nayo Minneapolis alirudisha akapata haki yake. Simu mpya kabisa usiitume nyumbani miezi ya kwanza. Na risiti usiitupe, ipige picha siku hiyohiyo, maana karatasi za dukani hufutika.

Bei nayo ina tabia yake. iPhone ya kwanza kabisa ilitoka Juni 29, 2007. Yenye uwezo wa GB 8 iliuzwa dola 599. Septemba 5 mwaka huohuo ikashushwa hadi 399. Walionunua mwanzo walipiga kelele mpaka Apple ikawapa hati ya dola 100 ya kununulia dukani kwake. Siku hizi iPhone mpya haishuki haraka namna hiyo, lakini ile ya mwaka uliotangulia hushuka: iPhone 16 ya kawaida ilikuwa dola 799, na ilipotangazwa 17 Septemba 2025 ikawa 699. Kasoro zake zimeshajulikana, kava zake zimejaa masokoni, na fundi wa Lake Street ameshabadilisha vioo vyake vya kutosha.

Kwa nyinyi mnaofanya kazi nje, kuna jambo la baridi. Apple huandika kwamba iPhone itumike kati ya nyuzi 0 na 35 za Selsiasi. Januari yetu mara nyingi hushuka chini ya nyuzi 20 chini ya sifuri. Simu yoyote inaweza kuzimika ukiwa juu ya jukwaa la ujenzi huku betri ikionyesha asilimia 40. Ile ya Septemba hakuna mwenzako aliyeipitisha Januari bado. Ile ya mwaka jana, muulize aliyekuwa nayo.

Kama mwisho wake ni nyumbani

Wengi wetu hununua simu tukijua itatumika hapa miaka miwili halafu iende kwa mama au mdogo wetu. Hapo kuna vitu vya kuangalia kabla ya kulipa, si baada.

Simu ya mkopo kwa kawaida imefungwa kwenye mtandao wa kampuni iliyokuuzia. AT&T na T-Mobile, kwa mfano, hutaka simu iwe imelipwa yote kabla ya kuifungua. Ukiituma Kenya ikiwa imefungwa, haitapokea laini ya kule, na fundi wa mtaani asikudanganye kwamba ataifungua kwa shilingi elfu mbili. Kama nia yako ni kuituma, tafuta iliyofunguliwa tangu dukani.

La pili, iPhone zinazouzwa Marekani tangu 14 ya mwaka 2022 hazina sehemu ya kuweka kadi ya laini. Zinatumia eSIM, laini inayoingizwa kwa mtandao. Safaricom na Vodacom Tanzania wanazo eSIM, lakini laini ya mama yenye pesa zake za M-Pesa bado iko kwenye kadi. Itabidi aihamishe kwa utaratibu wa kampuni yake, na mtu wa karibu amsaidie. Kama kufika mjini ni shida kwake, au hapendi mtu aguse laini yake ya pesa (na ana haki), mnunulie simu yenye nafasi ya kadi. Samsung nyingi zinazouzwa hapa bado zinayo.

La tatu ni dhamana. Apple hutoa mwaka mmoja, lakini masharti yake yanairuhusu kuzuia huduma ya iPhone iwe katika nchi ilikouzwa. Kwa hiyo simu ya Bloomington ikiharibika Mombasa, usihesabu kwamba itatengenezwa bure kule.

Ukishapiga hesabu zote hizo na bado unaitaka ile mpya, nunua. Ni pesa yako, umeitolea jasho. Subiri wiki tatu au nne tangu itoke, nunua iliyofunguliwa, na ujue siku zako za kurudisha. Apple hutoa siku 14, maduka mengine yana masharti yao na mengine hukata ada ukiwa umeshaiwasha laini. Siku hizo 14 itumie kwelikweli: ipigie simu nyumbani saa nzima kwa WhatsApp, ichaji usiku, ipeleke kazini, ingia nayo mahali ambapo mtandao hushikwa kwa shida. Usiiache kwenye boksi ukisubiri Jumapili ya kuonekana nayo kanisani.

Na ile ya zamani? Kabla ya kuipa kampuni kama sehemu ya malipo, uliza bei yake Best Buy na kwa fundi unayemwamini, halafu fikiria nani nyumbani anaihitaji. Ukiamua kuituma, toka kwanza kwenye akaunti yako ya Apple au Google ukiwa nayo mkononi, ndipo ufute kila kitu. Ukisahau, itafika kwao ikidai nywila yako, na wewe utapigiwa simu saa tisa usiku, katikati ya zamu, uitaje herufi moja moja.