INJINI YA UMEME KATIKA SETILAITI NDOGO
Somo kutoka anga la Karatu na Ngorongoro

Kila setilaiti inayoizunguka Dunia kwa karibu hukabiliwa na kizuizi kisichoonekana, nacho ni hewa. Katika kimo cha kilometa 500 hewa ni haba mno. Hata hivyo, huinyang'anya setilaiti nishati kidogo kidogo, nayo hushuka hadi iungue. Makala haya yaeleza jinsi injini ndogo ya umeme inavyoweza kuizuia isishuke.

Mfano wa Uhuru

Tarehe 12 Desemba 1970, setilaiti ya Marekani yenye tungamo la kilogramu 141 hivi ilirushwa kutoka jukwaa la San Marco, baharini karibu na Malindi. Siku hiyo ilikuwa sikukuu ya uhuru wa Kenya, ndiyo maana ikaitwa Uhuru. Kazi yake ilikuwa kupima mionzi ya eksirei itokayo angani. Njia yake iliambaa na ikweta kwa mwinamo wa nyuzi 3 tu. Kwa kuwa Karatu iko nyuzi 3.3 kusini mwa ikweta, Uhuru ilipita katika anga la Karatu na Ngorongoro katika kila mzunguko, yaani karibu mara 14 kwa siku. Lakini haikuwa na injini ya kuinua njia yake. Kazi yake ilikoma mwaka 1973, na Aprili 1979 ikaungua hewani.

Faida ya kuwa chini

Msitu wa nyanda za juu za Ngorongoro ndio chanzo cha maji yategemewayo na wakulima wa Karatu. Atakaye kujua kama msitu huo unapungua, au Ziwa Eyasi limekauka kwa kiasi gani, huhitaji picha za mara kwa mara zenye kuonyesha mambo madogo. Kamera ile ile, ikiwa katika kimo cha kilometa 250 badala ya 500, hutambua vitu vyenye nusu ya ukubwa. Tatizo ni kwamba huko chini hewa ni nzito zaidi, na setilaiti ndogo isiyo na injini huanguka baada ya wiki chache tu.

Jinsi injini ifanyavyo kazi

Kanuni ya tatu ya Newton yasema kwamba kila tendo lina jibu lililo sawa nalo na lenye mwelekeo wa kinyume. Katika injini ya umeme, atomu za gesi kama zenoni hunyang'anywa elektroni zikawa ayoni chanya. Kisha umeme huzisukuma nje kwa mwendo wa kilometa 15 hadi 30 kwa sekunde, ilhali gesi ya roketi ya kawaida hutoka kwa kilometa 3 hivi. Elektroni nazo hutolewa nje. Zikibaki, chombo kitakuwa na chaji hasi na kuzivuta ayoni zirudi.

Mwaka 2020 iodini, ile ile inayotumiwa shuleni kupima wanga, ilitumiwa angani katika injini ya namna hii kwa mara ya kwanza. Kwa kuwa ni yabisi, haihitaji tangi la kanieneo kubwa.

Hesabu

Tuseme setilaiti ina kilogramu 12, kani ya injini ni nyutoni 0.001, na ayoni hutoka kwa meta 15,000 kwa sekunde. Kani hiyo ni sawa na uzito wa gramu 0.1, yaani theluthi moja hivi ya punje ya mahindi.

Mchapuko = 0.001 ÷ 12 = 0.000083 m/s².
Ongezeko la mwendo kwa siku (sekunde 86,400) = 7.2 m/s.
Gesi itumikayo = 0.001 × 86,400 ÷ 15,000 = kilogramu 0.0058.

Basi kwa gramu 6 hivi za gesi, setilaiti iliyo katika kimo cha kilometa 500 yaweza kupanda kilometa 13 kwa siku. Roketi ya kawaida ingetumia gramu 29.

Nguvu ya umeme inayohitajika ni nusu ya kani mara mwendo wa ayoni, yaani wati 7.5, nusu ya umeme ikipotea njiani, zitahitajika wati 15. Mwendo wa ayoni ukiongezwa maradufu, gesi hupungua kwa nusu, lakini umeme huhitajika maradufu.

Uendeshaji

Setilaiti ya chini huwa kivulini zaidi ya theluthi moja ya kila mzunguko. Hapo injini hutegemea betri au hupumzika. Kituo cha ardhini huiona kwa dakika kumi hivi tu kila inapopita, na baada ya kila msukumo njia yake hupimwa upya.

Ushahidi ulitolewa na GOCE, setilaiti ya Ulaya iliyorushwa Machi 2009. Ilikaa katika kimo cha kilometa 255 hivi, injini ya ayoni ikishindana na hewa. Zenoni yake, kilogramu 40, iliisha Oktoba 2013. Wiki tatu baadaye ikaanguka.

Kenya ilirusha Taifa-1 Aprili 2023, na Uganda ilirusha setilaiti yake mwaka 2022. Vijana watakaobuni setilaiti zijazo hawana budi kuanza na hesabu kama hizi.

Maswali

1. Rudia hesabu ya gesi, ayoni zikitoka kwa kilometa 30 kwa sekunde.
2. Kasoko ya Ngorongoro ina upana wa kilometa 19 hivi. Setilaiti ikipita juu ya ardhi kwa kilometa 7 kwa sekunde, itaivuka kwa muda gani?
3. Kwa nini injini hii haiwezi kuinua roketi kutoka ardhini?