Usingizi, Ukoo na Moyo: Kijitabu cha Kusoma Pamoja Nyumbani

Katika koo nyingi yupo mzee ambaye habari yake husimuliwa kwa sentensi moja tu: alilala, hakuamka. Wengine husema presha ilimpanda, wengine husema alirogwa, na arobaini ikishapita mazungumzo hufungwa. Kijitabu hiki kinaomba mazungumzo hayo yafunguliwe tena. Huenda mzee huyo amewaachia watoto na wajukuu wake kitu kinachohusu mioyo yao, na pia namna wanavyolala.

Tunachorithi

Nusu ya jeni zako zimetoka kwa baba na nusu kwa mama. Hakuna jeni moja ya kukosa usingizi, kama ambavyo kwa watu wengi hakuna jeni moja inayoleta mshtuko wa moyo. Mwaka 2019 watafiti walioongozwa kutoka Amsterdam, Uholanzi, walitangaza matokeo ya uchunguzi wa watu 1,331,010. Waliyakuta maeneo 202 kwenye vinasaba yanayohusiana na kukosa usingizi. Kila eneo huchangia kidogo mno. Yakijikusanya mengi kwa mtu mmoja, ndipo uzito wake unaonekana. Kwa hiyo ndugu wa tumbo moja, waliolelewa chini ya paa moja, wanaweza kutofautiana: mmoja akigusa mto tu amelala, mwenzake anasikiliza jogoo wa kwanza hadi wa mwisho. Huyu wa pili asiambiwe kwamba ni mtu wa mawazo mengi tu.

Walijuaje kwamba usingizi unaugusa moyo?

Tuchukue mtu asiyelala vizuri ambaye pia anaumwa moyo. Kipi kilitangulia? Pengine moyo mgonjwa ndio unaomwamsha usiku kwa kukosa pumzi. Pengine ni pombe, sigara, kazi ya ulinzi wa usiku au dhiki ya maisha, na hivyo vinaharibu usingizi na moyo kwa pamoja. Kwa miaka mingi swali hili liliwasumbua madaktari, maana kuwauliza watu wanalala muda gani hakukutosha kulijibu.

Jeni ndizo zilizofungua njia. Ugawaji wake ni kama kura iliyopigwa siku mimba ilipotungwa: huichagui, na ugonjwa utakaokuja miaka 50 baadaye hauwezi kurudi nyuma ukaibadilisha. Basi watafiti wakawalinganisha waliopata jeni nyingi za kukosa usingizi na waliopata chache. Kama kundi la kwanza linaugua moyo zaidi, ni vigumu kusema kwamba moyo ndio ulioanza. Mwaka 2019 Susanna Larsson wa Sweden na Hugh Markus wa Uingereza walifanya hivyo kwa takwimu za watu karibu milioni 1.3. Waliorithi mwelekeo mkubwa wa kukosa usingizi walionekana kuwa katika hatari zaidi ya ugonjwa wa mishipa ya moyo, moyo kushindwa kusukuma damu, na kiharusi.

Mwaka huohuo uchunguzi mwingine ulitumia kumbukumbu za watu 461,347 wa Uingereza, wenye umri wa miaka 40 hadi 69, ambao hawakuwahi kupata mshtuko wa moyo. Waliolala chini ya saa 6 kwa siku walipata mshtuko wa moyo kwa asilimia 20 zaidi ya waliolala kati ya saa 6 na 9. Waliozidisha saa 9 walipata kwa asilimia 34 zaidi, ingawa kwa hawa jeni hazikuonyesha kwamba kulala sana ndiko kunakoleta ugonjwa. Mara nyingi mtu hulala sana kwa sababu tayari kuna kinachomuumiza.

Katika uchunguzi huo kuna jambo moja ambalo tungependa kila nyumba ilishike. Miongoni mwa watu waliorithi hatari kubwa ya ugonjwa wa moyo, wale waliolala kati ya saa 6 na 9 walipungukiwa na hatari ya mshtuko kwa asilimia 18. Ukoo ni uleule na jeni ni zilezile, lakini hatari ilikuwa ndogo zaidi.

Ni haki yenu kujua pia kwamba wengi mno wa waliopimwa katika tafiti hizi wana asili ya Ulaya. Afrika ndiyo yenye vinasaba vya aina nyingi kuliko bara lolote, kwa hiyo takwimu za Uingereza haziwezi kuhamishiwa Tabora au Kisumu zilivyo. Utafiti wa AWI-Gen, uliowahusisha wakazi wa Korogocho na Viwandani jijini Nairobi, ni mmoja wa zile zilizoanza kuchunguza jeni na magonjwa ya moyo kwa Waafrika wenyewe. Hata hivyo, namna mwili unavyofanya kazi usiku ni ileile kwa binadamu wote.

Moyo wakati umelala

Ukilala vizuri, shinikizo la damu hushuka kwa kati ya asilimia 10 na 20, mapigo hupungua, na kuta za mishipa hupumzika. Asiyelala hukosa mapumziko hayo. Mwili wake hubaki katika hali ya tahadhari, homoni za mfadhaiko hazishuki inavyotakiwa, sukari haidhibitiwi vizuri, na kesho yake njaa inakuwa kali kuliko kawaida. Usiku mmoja wa msiba au wa mtoto mgonjwa hauna neno. Miaka mingi ya hali hiyo ndiyo inayokomaza mishipa na kuleta presha ya kudumu.

Baba anakoroma

Hapa tunawaomba wenza wa chumbani wawe makini, kwa kuwa mkoromaji mwenyewe hajisikii. Sikiliza. Mkoromo unapanda, unapanda, halafu unakatika ghafla. Kifua kinahangaika lakini hewa haipiti. Zinapita sekunde 10, 20, pengine zaidi, kisha anashtuka kwa kuvuta pumzi kwa nguvu kama mtu aliyetoka majini, anageuka, na mkoromo unaanza upya. Asubuhi anaamka na kichwa kinachouma na mdomo mkavu, na mchana anasinzia kwenye daladala au, jambo la kutisha, akiwa ameshika usukani.

Huo si usingizi mnono, kama wengi wanavyodhani. Njia ya hewa inaziba, oksijeni inashuka, na presha inaruka kila anaposhtuka, mara nyingi kila usiku. Unene, shingo nene na pombe ya jioni huzidisha tatizo. Umbo la taya na koo, ambalo hurithiwa, nalo huchangia. Kulala kwa ubavu na kupunguza uzito husaidia. Wenye hali kali hutibiwa kwa mashine inayosukuma hewa kupitia barakoa.

Mnachoweza kufanya

Kipimo cha jeni hakihitajiki. Waulizeni wazee: nani alipata kiharusi, nani alianguka ghafla, akiwa na umri gani? Baba au kaka aliyeugua moyo kabla ya miaka 55, au mama au dada kabla ya miaka 65, ni habari ambayo daktari anaihitaji. Iandikeni kwenye daftari linalotunza kadi za kliniki.

Kwa usingizi wenyewe, lenye nguvu kuliko yote ni kuamka saa ileile kila siku, hata Jumapili, hata kama usiku ulikuwa mbaya. Chai ya rangi, kahawa na vinywaji vya kuongeza nguvu viishie saa 9 alasiri. Simu ilale mbali na kitanda. Ukikaa macho kwa muda, usigombane na shuka; inuka, kaa kwenye mwanga hafifu, rudi usingizi ukikushika. Joto na mbu ni maadui wa kweli, kwa hiyo chandarua kizima ni dawa ya usingizi pia. Vidonge vya usingizi msijinunulie duka la dawa.

Anayekosa usingizi angalau usiku tatu kwa wiki kwa miezi mitatu aende kituo cha afya, na kila mtu mzima apimwe presha hata kama halalamiki. Kabla ya kupimwa kaa kimya dakika 5, miguu chini, mkono usawa wa moyo. Vipimo vya 140/90 au zaidi vikijirudia siku tofauti, hiyo ni presha na inatibika. Kama unatumia dawa ya presha inayokukojoza na unaamka mara kwa mara usiku, mwambie daktari. Huenda akaihamishia asubuhi, lakini usiibadilishe mwenyewe. Mkoromaji aende na mwenza wake, ndiye atakayeeleza ya usiku. Na yeyote mwenye maumivu ya kubana kifuani, jasho jembamba na kukosa pumzi, au aliyepinda mdomo na kulegea mkono ghafla, apelekwe hospitali usiku uleule. Msisubiri kukuche.