Kubadilisha Kapasita Chakavu katika Mashine ya Santuri ya Zamani

Katika nyumba kadhaa za Afrika Mashariki ingali imehifadhiwa mashine ya santuri iliyonunuliwa miaka ya 1970 au kabla yake. Aghalabu hurithiwa pamoja na santuri za taarab na za muziki wa dansi. Mrithi anapoichomeka tena kwenye umeme baada ya miaka mingi, huenda akakuta sahani haizunguki sawasawa, spika zinavuma, au moshi unafuka. Katika somo hili tunaeleza namna kapasita zinavyochangia hitilafu hizo na mambo ambayo mtumiaji anapaswa kuyadai kwa fundi. Hatukusudii kumgeuza msomaji kuwa fundi.

1. Kapasita na kuzeeka kwake

Kapasita huhifadhi chaji ya umeme na kuiachia inapohitajika. Kapasita za elektroliti zina kimiminika ndani yake. Kadiri miaka inavyopita, hasa penye joto, kimiminika hicho hukauka au kuvuja, na uwezo wa kapasita hupungua. Kapasita za karatasi zilizounganishwa kwenye umeme mkuu huzeeka kwa njia nyingine: ganda hupata nyufa, unyevu huingia, na hatimaye kapasita hupasuka kwa moshi.

2. Dalili, na zile zinazofanana nazo

Umeme wetu ni wa hezi 50. Katika mashine yenye amplifaya ndani yake, kapasita ya kusawazisha umeme ikichoka, mvumo wa hezi 100 husikika hata santuri isipopigwa. Lakini waya wa ardhi uliolegea nao huleta mvumo. Vivyo hivyo, kasi ikiyumba na sahani isifikie mizunguko 33⅓ au 45 kwa dakika, huenda kosa ni la mkanda wa mpira uliolegea. Kwa hiyo tunashauri waya na mkanda vikaguliwe kwanza, kwa kuwa gharama yake ni ndogo.

Ziko dalili mbili zinazoelekeza kwenye kapasita kwa uwazi zaidi. Ya kwanza ni mota kuendelea kujikokota baada ya swichi kuzimwa: kapasita ya kuzuia cheche iliyo kwenye swichi huenda inapitisha umeme. Ya pili huonekana katika baadhi ya mota za umeme wa moja kwa moja kutoka ukutani: mota hushindwa kuanza, au huzunguka kinyume.

3. Tahadhari

Kuchomoa plagi hakutoshi. Kapasita kubwa huweza kubaki na chaji baada ya umeme kukatwa, na chaji hiyo humdhuru anayeigusa. Kwa sababu hiyo tunamsihi mtumiaji asifungue mashine mwenyewe. Ikiwa mashine imetoka Japani au Marekani, volti zake zithibitishwe kwanza: Japani hutumia volti 100 na Marekani volti 120, wakati umeme wetu ni wa volti 230 hadi 240. Kapasita mpya haiwezi kurekebisha kosa la kuichomeka mashine kwenye volti zisizo zake.

4. Sifa za kapasita mbadala

(a) Uwezo wake, unaoandikwa kwa mikrofaradi, ulingane na wa ile ya awali. Kwa kapasita ya mota jambo hili lina uzito wa pekee.
(b) Volti zake ziwe sawa na za awali au zaidi, kamwe zisiwe pungufu.
(c) Penye joto, ile ya nyuzi 105 hudumu kuliko ya nyuzi 85.
(d) Kapasita ya elektroliti ina upande chanya na upande hasi. Ikigeuzwa hupata moto na huweza kupasuka.
(e) Kapasita inayounganisha nyaya mbili za umeme mkuu iwe ya daraja X, na inayounganisha waya wa umeme na bodi ya chuma iwe ya daraja Y, kwa mujibu wa kiwango cha IEC 60384-14. Daraja huandikwa kwenye ganda. Kapasita ya kawaida isitumike mahali hapo, hata kama namba zake zinalingana, kwa sababu ikiharibika huweza kuwasha moto au kuipa bodi umeme.

5. Makubaliano na fundi

Kabla ya kazi, fundi apime na kueleza ni kapasita zipi zimechoka, kisha aandike bei. Baada ya kazi, mtumiaji arudishiwe vipuri vya zamani, apewe risiti inayotaja kila kipuri kilichobadilishwa, na mashine ijaribiwe mbele yake kwa kasi zote mbili. Risiti na vipuri hivyo ndiyo ushahidi wake endapo kutatokea mgogoro. Nchini Tanzania, Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 ina sehemu zinazomlinda mlaji; lakini mlaji asiye na karatasi huwa na kazi ngumu ya kuthibitisha dai lake.

Maswali ya kujipima

1. Mashine inavuma. Ni jambo gani litakaguliwa kabla ya kubadilisha kapasita?
2. Kapasita ya awali ni ya volti 25. Fundi ana ya volti 16 na ya volti 35. Ipi itafaa, na kwa nini?
3. Kwa nini ni muhimu kurudishiwa vipuri vya zamani?