SOMO: Kocha Kutoka Kisiwa cha Viazi

Katika somo la toleo hili tunakwenda mbali kidogo, hadi kwenye barafu. Wengi wetu barafu tunaifahamu ndani ya friji tu. Hata hivyo, habari za Bwana Peter Gallant, mchezaji wa Kanada aliyegeuka kuwa kocha huko Korea Kusini, zinagusa jambo linalojulikana na kila kikundi kilichowahi kupokea mtaalamu kutoka nje. Je, mgeni huyo amekuja kutuongezea nini? Na siku akiona mambo yasiyo sawa, atasimama upande gani?

Kwanza tuufahamu mchezo wenyewe. Unaitwa kelingi. Timu mbili za watu wanne wanne husukuma mawe ya graniti juu ya njia ya barafu yenye urefu wa mita zipatazo 45, wakilenga kitovu cha duara lililochorwa upande wa pili. Kila jiwe lina uzito unaokaribia kilo 20. Kila mchezaji husukuma mawe mawili katika raundi moja, na mechi ya Olimpiki ina raundi 10. Timu yenye jiwe lililo karibu zaidi na kitovu ndiyo inayopata pointi. Jiwe likishaachiwa haliruhusiwi kuguswa, ila wenzake wawili wanaweza kukimbia mbele yake wakifagia barafu kwa brashi. (Ndiyo, kufagia hasa. Akina mama wetu wangeanza mchezo huu wakiwa tayari na ujuzi.) Msuguano wa brashi hupasha barafu joto kidogo, na jiwe hufika mbali zaidi na kupinda kidogo zaidi. Nahodha husimama mwisho wa njia akipaza sauti: fagieni, acheni, fagieni tena. Kwa hiyo mwenye misuli peke yake hafiki mbali. Timu isiyosikilizana hushindwa hata kama kila mmoja ni hodari.

Bwana Gallant anatoka Kisiwa cha Prince Edward, mkoa mdogo kuliko yote ya Kanada, ambao watu wake wanasifika kwa kilimo cha viazi. Mwaka 1987 aliiongoza timu ya kisiwa hicho kutwaa ubingwa wa Kanada wa timu za mchanganyiko, yaani wanaume na wanawake pamoja. Aidha, alikiwakilisha kisiwa mara kadhaa katika Brier, mashindano makuu ya wanaume ya nchi hiyo. Hakuwahi kuwa bingwa wa dunia. Nalisema hili kwa makusudi, maana mara nyingi tunadhani mwalimu bora lazima awe yule mwenye vikombe vingi kabatini.

Wakati huohuo, huko Korea Kusini kulikuwa na wilaya ya mashambani iitwayo Uiseong, inayojulikana kwa kitunguu saumu. Mwaka 2006 ukafunguliwa huko ukumbi wa kelingi, wa kwanza nchini humo. Wasichana wawili wa shule, Kim Eun-jung na Kim Yeong-mi, walianza kucheza baada ya masomo. Mdogo wake Yeong-mi, aitwaye Kyeong-ae, akaingia, kisha Kim Seon-yeong. Baadaye akaongezeka Kim Cho-hi kutoka mji mwingine. Wote ukoo wa Kim! Wageni walipokuwa wanachanganyikiwa, wachezaji wakajipa majina ya utani kutokana na vyakula: mmoja aliitwa Pancake, mwingine Steak, na nahodha akaitwa Annie, jina la aina ya mtindi.

Wasichana hao walikosa nafasi ya kwenda Olimpiki ya Sochi mwaka 2014. Katika maandalizi ya michezo ya 2018, ambayo ingefanyika nyumbani kwao Korea, Bwana Gallant aliletwa awasaidie. Lugha hakuijua, akawa anafanya kazi kwa msaada wa mkalimani. Ebu fikirini ugumu wake: mchezo ambao wachezaji wenyewe wana sekunde chache tu za kuamua, kisha maneno ya mwalimu yapitie kinywa cha mtu wa tatu. Na juu yake alikuwapo kocha mkuu wa Kikorea. Mgeni alikuwa msaidizi, na neno la mwisho halikuwa lake.

Februari 2018 mjini Gangneung, timu hiyo ilishinda mechi nane kati ya tisa za hatua ya kwanza. Ikaifunga Kanada, nchi ya kocha wao. Katika nusu fainali iliitoa Japani kwa 8 kwa 7 baada ya raundi ya nyongeza. Fainali wakashindwa na Sweden 8 kwa 3, wakapata medali ya fedha, medali ya kwanza ya Korea katika mchezo huo. Nchi nzima ilikuwa ikiigiza ile sauti ya nahodha akimwita mwenzake, "Yeong-mi!" Taarifa nyingi za miradi zingeishia hapa, pamoja na picha ya pamoja.

Mwezi Novemba mwaka huohuo wachezaji waliandika barua kwa Kamati ya Olimpiki ya Korea. Walisema viongozi wao, ambao walikuwa watu wa familia moja, waliwatukana, waliwabana katika maisha yao binafsi, na hawakuwapa fedha za zawadi walizostahili. Wakati ule walikuwa mashujaa wa taifa, na wengi hawakutaka furaha ile ichafuliwe.

Bwana Gallant angeweza kunyamaza. Alikuwa mgeni, na ubishi wa ndani haukuwa wake. Tena medali alikwisha kuipata. Badala yake alitoa tamko la maandishi kuwaunga mkono wachezaji, akieleza pia jinsi yeye mwenyewe alivyokuwa akinyimwa taarifa na kuwekwa kando katika mipango. Tamko lile lilikuwa na uzito wa pekee kwa sababu alikuwamo ndani, aliona kwa macho yake, na hakuwa ndugu wa mtu yeyote pale.

Kamati zinazosoma somo hili kwa pamoja zinaweza kusimama hapa na kuulizana: kama walengwa wa mradi wetu wangetaka kulalamika juu yetu sisi viongozi, barua yao wangempelekea nani? Na mtaalamu wetu, aliyeletwa na kulipwa nasi, angethubutu kusema?

Uchunguzi ulifanywa kwa pamoja na wizara inayohusika na michezo, kamati ya Olimpiki na serikali ya mkoa. Februari 2019 walitangaza kwamba madai ya wachezaji kwa sehemu kubwa yalikuwa ya kweli. Fedha ambazo hazikuwafikia wachezaji ipasavyo zilizidi won milioni 90, yaani zaidi ya dola 80,000 za Marekani kwa wakati ule. Nadhani hakuna mfadhili atakayesoma sentensi hiyo asitikisike.

Haikuwa rahisi kuanza upya. Mwaka 2021 timu ilihamia chini ya halmashauri ya jiji la Gangneung, palepale walipopatia medali yao. Bwana Gallant alikuwa nao bado. Desemba mwaka huo, huko Leeuwarden, Uholanzi, walipata tiketi ya mwisho ya kwenda Olimpiki ya Beijing. Beijing 2022 hawakufika nusu fainali. Walishinda mechi nne, wakapoteza tano. Mwanawe Gallant, Brett, alikuwapo pia akichezea timu ya wanaume ya Kanada, naye akarudi na medali ya shaba.

Mwezi mmoja baadaye yalifanyika mashindano ya dunia ya wanawake huko Prince George, Kanada. Wasichana wale wale wa Uiseong, kocha akiwa sasa katika nchi yake, walifika fainali na kufungwa na Uswisi kwa pointi moja tu, 7 kwa 6. Ilikuwa medali ya fedha, na hakuna timu ya Korea iliyokuwa imefika fainali ya mashindano hayo kabla yao.