Hadithi ya Kubuni si Uongo
Andiko: Waamuzi 9:7–15, 2 Samweli 12:1–7

Dada mmoja anayefundisha watoto hapa kwetu anaandika hadithi ya paka anayeongea. Aliniuliza, "Pasta, si huo ni uongo?"

Hebu tuangalie Neno. Yothamu aliwasimulia watu wa Shekemu kuhusu miti iliyotafuta mfalme, na miti ile iliongea. Nathani alimpelekea Daudi kisa cha mwana-kondoo wa maskini. Daudi akawaka, akatoa hukumu, kumbe anajihukumu mwenyewe.

John Bunyan wa Uingereza alikuwa fundi wa masufuria, kazi tunayoijua pale Kamukunji. Alifungwa miaka 12 kwa kukataa kuacha kuhubiri. Mwaka 1678 alitoa kitabu cha kubuni kuhusu msafiri mwenye mzigo mgongoni, na hadi leo kinasomwa.

Sasa uongo uko wapi? Mchezo wa kuigiza na hadithi ya watoto, kila mtu anajua vimebuniwa. Kitabu cha imani ni tofauti: msomaji anaamini ushuhuda wako ulitokea. Mimi nilisomea biashara, najua chumvi inauza. Lakini ukiongeza muujiza ambao haukutokea, umemshuhudia Mungu uongo, na mgonjwa wa Kayole atauegemea.

Vijana wa maigizo, msisimamishe mchezo ili mhubiri. Nathani alingoja Daudi aguswe kwanza.

Swali la ushirika wa nyumbani: Ni ushuhuda gani umekuwa ukiutia chumvi? Usimulie wiki hii jinsi ulivyotokea.